Mdogo wangu anajiona Jack Bauer, sasa "mtu wa kitengo" anamdai laki nne na nusu. Nifanyeje?

Dada wa Hombolo:
Mbukwenyi wakuu. Naombeni ushauri, kejeli baadaye.

Mdogo wangu kamaliza UDOM mwaka jana, bado anazunguka na bahasha. Mchana kutwa yuko kwenye laptop anarudia "24", ile tamthilia ya Kimarekani ya jasusi Jack Bauer, sizoni zote nane. Siku hizi akikaa mezani lazima aelekee mlangoni, na mama akimpigia anaulizwa kwanza, "Uko peke yako?" Tulikuwa tunacheka.

Wiki iliyopita huko Nkuhungu, kwenye nyama choma, kakutana na mzee mmoja, kaunda suti, simu mbili, anajiita mtu wa kitengo, yaani usalama wa taifa. Kamwambia ana "macho ya kazi", nafasi ipo, ila atoe 450,000 za fomu na vipimo, na nyumbani wasijue. Meseji ukisoma, futa. Sasa anataka niuze zabibu nimpe. Nikikataa ataona nimemzibia riziki.

Chinangali:
Kitengo anajitangaza kwenye nyama choma? Bili nani alilipa?

Dada wa Hombolo:
Mdogo wangu. 38,000.

Mstaafu77:
Dada, usitoe hata mia. Mimi nilimpa "kanali" wa namna hiyo laki tatu, nikaambiwa nitapigiwa. Nasubiri hadi leo. Siri ndiyo mtego wenyewe: asipomwambia mtu, hana wa kumshtua. Maombi ya kazi serikalini hayalipiwi, hata Ajira Portal unaingia bure. Meseji asifute hata moja, azitume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha mwende polisi.

Binti Kondoa:
Sawa mkuu, ila ukimwambia "unatapeliwa" atanuna, hela ataenda kukopa kausha damu. Mpitie kwa Jack huyohuyo. Muulize, sizoni ya kwanza nani alimuua Teri, mke wa Jack? Si Nina, wa ofisi moja naye, ambaye Jack alimwamini? Halafu CTU yenyewe, hiyo ofisi ya Jack, ni ya kutunga na sizoni nzima ni siku moja, yaani kule hakuna anayesota miezi akiandika ripoti.

Mtoto wa Bahi:
Acheni roho mbaya. Watu wanaingia kwa kujuana.

Chinangali:
Wa Bahi, kujuana na fomu ya 450,000 ni vitu viwili. Au na wewe una simu mbili?

Dada wa Hombolo:
Mrejesho. Nimemuuliza ya Nina. Kanyamaza weee, kisha kasema "ile ni tofauti". Nikamwambia haya, mlete huyo mzee nyumbani, hela nampa mkononi, balozi wa nyumba kumi akiwepo. Mzee kajibu "mazingira hayaruhusu", atumiwe nusu kwanza, na namba aliyotoa inasoma jina la mwanamke. Hapo mdogo wangu kaja mwenyewe kunionesha meseji. Hakuifuta. Kesho asubuhi tunaenda polisi.

Ila ile 38,000 ya mbuzi inaniuma, jamani.