Wakuu, hizi fffffff4 kwenye memori zinatoka wapi?

Habari wakuu. Nina strakti ndogo (rekodi yenye sehemu kadhaa) ya lugha ya C: `char aina; int kiasi;`. Nimejaza rekodi mbili kwa data ileile, 'A' na 500, lakini memcmp (fanksheni ya kulinganisha memori baiti kwa baiti) imegoma, inasema hazilingani. Nikaamua kuchungulia memori baiti kwa baiti, kwa `char *` na `%02x` (yaani kwa heksa, namba za msingi wa 16). Rekodi ya kwanza:

`41 ffffffc3 7f 00 fffffff4 01 00 00`

Nilitegemea baiti 5, nimepata 8, na mbili zimevimba. Nimekesha nayo. Memori imeharibika au ni mimi?

MzeeWaPointa: Ni wewe mkuu, pole 😀 Kwenye mashine yako `char` inabeba hasi. f4 inasomeka -12, na kabla haijafika printf inageuzwa kuwa int, ndipo zile f zinajazana mbele. Pita na unsigned:

```
void onyesha(const void *p, size_t n) {
    const unsigned char *b = p;
    for (size_t i = 0; i < n; i++)
        printf("%02x ", b[i]);
    putchar('\n');
}
```

baiti_nane: Zile tatu za ziada ni za kompaila. Int inataka anwani inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo pameachwa pengo baada ya `aina`. c3 7f 00 ni takataka iliyokuwepo humo tangu awali, na memcmp haichagui, inalinganisha hadi takataka.

Chapuo: Si apige memset ya sifuri kwanza, ijaze strakti yote sifuri, yaishe?

baiti_nane: Mara nyingi itaenda, ila C haikuhakikishii kwamba pengo litabaki sifuri ukishaandika ndani ya strakti. Alinganishe aina kwa aina, kiasi kwa kiasi.

Mwenye uzi: Kumbe! Na 500 kwa heksa si 01f4? Mbona imekaa kinyumenyume?

MzeeWaPointa: Prosesa za x86 hutanguliza baiti ndogo. Iache hivyohivyo, usije ukaanza "kuirekebisha". Ukiwa ndani ya gdb (programu ya kukagua hitilafu), fanksheni yangu huihitaji hata: `x/8xb &r`, r ikiwa rekodi yako.

Mwenye uzi: Imekubali. Ya kwanza `41 c3 7f 00 f4 01 00 00`, ya pili `41 00 00 00 f4 01 00 00`. Hata rekodi niliyoombea memori kwa malloc, yenye pointa `p`, nimeiona, kwa `onyesha(p, sizeof p)`.

baiti_nane: Hapo umeponea chupuchupu: umepima pointa, si strakti; pointa yako ni baiti 8, na strakti nayo 8. Andika `sizeof *p`.