Msanifu ameondoka mradini: ramani ni za nani?

PM_Pwani: Wakuu, tuna fleti za ghorofa 4 Nyali, Mombasa. Mteja na msanifu majengo wameachana jengo likiwa kwenye slabu ya ghorofa ya pili. Ada ya michoro imelipwa yote, ya usimamizi ina deni. Tuna PDF tu. DWG (faili za kompyuta zinazoweza kuhaririwa) amezikatalia, na anasema ramani zisiguswe bila idhini yake. Juu ya hayo, mteja anataka fleti hizohizo kwenye ploti yake ya Kilifi. Haki iko wapi?

WakiliSaiti: Fungua mkataba kwanza, risiti baadaye. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huhamishia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kwa aliyeiagiza, ila kama mmekubaliana vinginevyo. Na wasanifu wengi hukubaliana vinginevyo: tafuta kurasa za nyuma mstari unaosema hakimiliki inabaki kwake, mteja ana leseni ya kujenga mara moja kwenye ploti iliyotajwa.

Mstari ukiwepo, Nyali mnaendelea kwa leseni hiyo. Kilifi hapana. Mwenye hakimiliki ya usanifu ana haki ya kuzuia jengo linalonakili sehemu kubwa ya kazi yake, na kugeuza ngazi upande wa pili hakukuokoi. Mstari usipokuwepo, Kilifi mteja ajenge.

Deni la usimamizi halibadilishi mwenye hakimiliki. Angalia tu kama leseni imefungwa kwenye malipo yote. Hapo deni linawashika hata Nyali.

BQ_Safi: DWG ni suala la mkataba tu. Kuwa na haki ya kutumia ramani si kudai faili ambazo hazikuorodheshwa. Mkichora upya kutoka PDF, fuateni vipimo vilivyoandikwa, msipime kwa rula: karatasi ya A1 ya 1:100 ikichapishwa A3 inakuwa 1:200, na ukichagua "jaza ukurasa" skeli haieleweki kabisa. Halafu pimeni nguzo zilizosimama tayari. Saiti na karatasi hutofautiana.

Nondo16: Mmesahau mhandisi. Nani alimwajiri? Kama ni msanifu, basi aliyeagiza michoro ya nondo ni msanifu, si mteja. Hata mkataba wa mteja ukiwa kimya, haki za michoro hiyo hazijamfikia. Na msanifu mpya asifute jina la wa kwanza akabandika lake. Haki ya kutambuliwa kama mtunzi haihami pamoja na hakimiliki. Atumie karatasi zake, ataje chanzo, na agonge muhuri kwa kile alichokikagua mwenyewe.

PM_Pwani: Mstari upo, leseni haikufungwa kwenye malipo. Mhandisi aliajiriwa na msanifu kweli.

WakiliSaiti: Basi lipeni deni na mwandike makubaliano siku hiyohiyo, mkiwa bado na cha kujadiliana. Orodhesheni kila mchoro kwa namba, toleo na tarehe, DWG zikiwemo. Semeni wazi: kukamilisha Nyali, kurekebisha, na Kilifi kwa ada yake. Mhandisi atie saini yake kando. Mkitaka hakimiliki yenyewe ihamie kwa mteja, kifungu cha 33 kinataka maandishi yenye saini ya anayehamisha. Ujumbe wa WhatsApp wa "sawa, tumieni" hautoshi.