Printa ya Dukani Imegoma (kikundi cha familia, Tanga)

Rehema: Shikamooni wote. Kaka Omari, ukiona hii nijibu haraka. Umeme ulikatika usiku, asubuhi kompyuta zote mbili zinasema printa iko "Offline". Mwalimu anataka mitihani yake saa nane.

Shangazi Mwanaidi: Mie nimemwita kijana wa jirani, kaiunganisha printa upya kwenye kompyuta ya mbele na kuweka draiva mpya, ile programu ya kuiendesha printa. Sasa inatoa makaratasi mfululizo, maandishi hayasomeki. Rimu inakwisha!

Mjomba Salim: Izimeni mwiwashe tena.

Rehema: Tumeizima mjomba. Ikiwaka tu inaendelea.

Omari: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Rehema, chomoa trei ya karatasi kwanza. Halafu nipigie picha ukurasa wa kwanza kabisa uliotoka.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu.

Rehema: 📷 Juu kabisa pameandikwa %!PS-Adobe-3.0

Omari: Basi nimeelewa. Hiyo ni PostScript, lugha ya kuiamrisha printa. Draiva aliyoiweka kijana inatuma PostScript na printa yenu inajua PCL tu, lugha nyingine ya printa, kwa hiyo amri zote inazichapa kama maandishi ya kawaida. Printa ni nzima shangazi, usimlipe mtu kuifungua.

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillahi! Maana alishaanza habari za kubadilisha bodi.

Omari: Kazi mbovu bado imekaa kwenye foleni ya kompyuta ya mbele, ndiyo maana kuzima printa hakusaidii. Rehema, tusimamishe spooler, huduma ya Windows inayoshika foleni hiyo. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika
net stop spooler
Ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo, folda yenyewe iache. Kisha
net start spooler
Zima printa, washa.

Rehema: Imenyamaza 🙏

Omari: Sasa hiyo "Offline". Hilo halikuwa suala la draiva hata kidogo. Anwani ya printa kwenye mtandao inatolewa na ruta, kile kifaa cha intaneti. Umeme ukirudi vyote vikawaka upya, printa inaweza kupewa anwani nyingine, na kompyuta bado zinaitafuta kwenye ile ya zamani. Rudisha trei, chapisha Configuration Page kutoka menyu ya printa yenyewe, unisomee anwani ya IPv4.

Rehema: 192.168.1.112. Lakini kwenye kompyuta ya nyuma, Printer properties, Ports, naona 192.168.1.105

Omari: Ndiyo hiyo. Anza na kompyuta ya nyuma, draiva yake haijaguswa. Add Port, Standard TCP/IP Port, weka ya 112.

Rehema: Imetoka! Safi kabisa!

Omari: Chapa mitihani ya mwalimu hapo hapo. Ya mbele tuisafishe taratibu. Futa printa, halafu bonyeza Windows+R, andika printui /s /t2, chagua ile draiva, Remove, kisha "Remove driver and driver package". Ikisema inatumika, simamisha spooler uianzishe tena, urudie. Draiva mpya ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza printa, modeli yako hasa, iliyoandikwa PCL 6. Na port iwe ya 112.
Shangazi, nakuomba sana, zile tovuti za "sasisha draiva zote bure" asiziguse mtu dukani. Kompyuta hiyo inapitisha vyeti na vitambulisho vya watu.

Shangazi Mwanaidi: Nimekusikia. Hakai mtu tena kwenye hiyo kompyuta ila Rehema.

Mjomba Salim: Na umeme ukikatika tena leo usiku?

Omari: Swali zuri mjomba. Tunaifunga anwani kwenye ruta. Rehema, kwenye ile karatasi kuna Hardware Address, namba ya utambulisho ya printa, herufi na tarakimu jumla 12. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, tafuta Address Reservation, iandike pamoja na 192.168.1.112, uhifadhi. Usikisie hata herufi moja.

Rehema: Nimehifadhi. Mitihani tayari, mwalimu yuko njiani. Draiva ya mbele nayo imekubali.

Omari: Zima ruta na printa kwa pamoja, washa, uchapishe ukurasa mmoja kutoka kila kompyuta.

Rehema: Zote mbili zimetoa. Anwani bado ni 112.