Ramani ya kusikiliza au ya kuangalia: ipi haichoshi kichwa?

Mtoto wa Juzi: Wakuu, habari za Jumapili. Nimeanza kubeba abiria wa kuitwa kwa programu ya simu. Nina elfu arobaini ya kununua kitu kimoja tu: stendi ya simu yenye chaja, au spika za masikioni niwe nasikiliza maelekezo. Jioni narudi kichwa kinagonga. Ninunue ipi?

Mzee wa Gia: Gari, boda au bajaji? Jiji unalijua? Hujasema kitu, tukushauri nini?

Chausiku: Sauti, wala usiulize. Ukienda 60 kwa saa, jicho la sekunde mbili kwenye kioo cha simu ni mita 33 umefumba macho. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliwashauri watengeneza magari kwamba kila kutazama kioo kusizidi hizo sekunde mbili.

Kipanga: Chausiku, masikio nayo yana kazi. Watafiti Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipima mwaka 2001: wanaoongea na simu, hata mikono ikiwa huru, walikosa taa nyekundu nyingi zaidi, na walizoziona walichelewa kuzifuata.

Chausiku: Malizia basi. Waliokuwa wanasikiliza redio tu hawakuvurugika. Kusikiliza si kuongea!

Kipanga: Redio haikuambii ukate kushoto.

Dereva Mstaafu: Sauti iliniponza mimi. Nilimchukua mama mmoja Sinza, anawahi Muhimbili. Mama anasimulia kesi ya mkwewe tangu mwanzo, na mimi naitikia, "ehe, mama." Mle mle sauti ikasema kitu, nikasikia "left" peke yake. Nikakata. Loo! Niko katikati ya matenga ya nyanya, mbele ukuta, nyuma mkokoteni, na kijana ananiuliza kama nimekuja kununua. Robo saa kutoka pale, mama kanuna, nauli kalipa nusu. Sauti ikishapita imepita, mdogo wangu. Ramani ya kwenye kioo inakusubiri mpaka foleni isimame, ndipo unaitazama.

Mtoto wa Juzi: Samahani wakuu, ni bajaji. Na jiji silijui, nimetoka Songea mwezi wa pili.

Mzee wa Gia: Sasa ndiyo unasema! Bajaji na spika masikioni? Honi ya lori utaisikia wapi?

Chausiku: Aweke sikio moja.

Fundi Simu: Stendi nayo angalia mtikisiko. Apple wenyewe walitahadharisha mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone.

Kipanga: Dereva bajaji ana iPhone?

Fundi Simu: Wapo wengi tu, njoo kijiweni kwetu uone.

Dereva Mstaafu: Simu yoyote ikining'inia pale mbele vibaka wanaipitia kwenye foleni. Bajaji haina kioo cha kupandisha.

Mama Karanga: Mwanangu, hicho kichwa kinachogonga, mchana unakunywa maji?

Mtoto wa Juzi: Soda, shangazi.