Shafti ya R1150GS: kununua sanduku zima la nyuma, kubadilisha beringi nyumbani, au kutengeneza krosi?

Mpanda Meru (Arusha)

Habari zenu wanajukwaa. Nina BMW R1150GS ya mwaka 2002, niliyoinunua kwa msafiri aliyemalizia safari yake hapa Arusha akarudi kwao kwa ndege. Kwa wiki tatu sasa nasikia mtetemo kwenye vikanyagio nikiwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, na ninapoikokota injini ikiwa imezimwa, nasikia mlio mdogo wa kugonga kutoka nyuma, tik, tik, tik, unaokwenda sawa na mzunguko wa tairi. Jana niliisimamisha kwa stendi ya kati, nikalishika tairi la nyuma na kulitikisa, nikaona linacheza. Si kwa kiasi kikubwa, lakini linacheza, na pikipiki yenye afya hailegei hapo.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia, bila kufungua hata nati moja, kwamba difu, yaani sanduku la gia la kwenye tairi la nyuma, limekufa. Nimebaki na njia tatu na ninaomba mnisaidie kuzilinganisha. Ya kwanza ni kuagiza sanduku zima la gia la nyuma lililotumika, kutoka kwa wauzaji wa pikipiki zilizovunjwa huko Ulaya. Ya pili ni kulifungua langu mwenyewe nyumbani na kubadilisha beringi kubwa na sili ya oili. Ya tatu ni kulishusha na kulipeleka Nairobi kwa mafundi wenye vifaa. Nina vaisi, spana za kutosha, spana yenye kipimo cha nguvu na bunduki ya hewa ya moto. Nimeshafungua klachi na giaboksi za pikipiki ndogo mara nyingi, lakini shafti, ile fito inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la nyuma badala ya mnyororo, sijawahi kuigusa.

Mkazi wa Bremen (Ujerumani)

Kaka, nakuomba usitume hata senti moja mpaka ujue ni mahali gani hasa panapocheza, kwa sababu kwenye pikipiki yako kuna sehemu mbili zinazolegeza tairi kwa namna inayofanana ukiwa na haraka, na matengenezo yake hayafanani kabisa kwa gharama wala kwa ugumu.

Acha pikipiki kwenye stendi ya kati, mwombe mtu aishike isiyumbe, kisha ushike tairi juu na chini, kama saa 12 na saa 6, ulivute na kulisukuma. Baada ya hapo lishike mbele na nyuma, kama saa 3 na saa 9, ufanye vivyo hivyo. Likicheza katika mielekeo yote miwili, na ukaona tairi linasogea huku sanduku lenyewe limetulia, basi beringi kubwa inayobeba krauni, yaani gia kubwa inayozungusha tairi, imekwisha. Likicheza kwa saa 3 na saa 9 peke yake, weka kidole cha mwenzako pale sanduku linapoungana na mkono wa nyuma unaolibeba. Akihisi sanduku linatembea dhidi ya mkono, tatizo ni beringi ndogo za sindano kwenye pini mbili za kiungo hicho, na sanduku lako huenda ni zima kabisa.

Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayoleta mtetemo wa kilomita 60 hadi 80 kwa urahisi. Mtetemo huo unanifanya niifikirie shafti yenyewe, yaani krosi zake mbili, viungo vya umbo la msalaba vinavyoiwezesha kuzunguka ikiwa imepinda, moja upande wa giaboksi na nyingine upande wa sanduku. Kwa hiyo, baada ya kulitikisa tairi, mwaga oili ya nyuma kwenye sahani safi na uiangalie juani. Masizi laini ya kijivu kama lami nyembamba ni uchakavu wa kawaida wa meno. Vipande vinavyong'aa, vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole, ni ngozi ya beringi inayobanduka. Hapo usiendeshe tena, kwa kuwa sili ikipasuka oili hufika kwenye tairi.

Bintimwambao (Mombasa)

Nakubaliana na kaka wa Bremen, na naomba niongeze jambo kuhusu sanduku lililotumika, kwa sababu njia hiyo niliipitia na iliniumiza. Niliagiza la R1100GS. Kwa nje lilikuwa safi na lilizunguka laini mkononi, lakini lilikuwa limekaa miaka mingi likiwa na oili ya zamani iliyoingia unyevu. Sehemu ya beringi iliyokuwa juu ya oili ilikuwa imeshika kutu kwa vidoadoa, na baada ya safari chache likaanza kuunguruma kuliko lile nililolitoa. Tangu hapo sinunui sanduku bila muuzaji kunionyesha picha ya meno na ya beringi kupitia tundu la kujazia oili, na hata hivyo nahesabu kwamba huenda nitabadilisha beringi na sili.

Zaidi ya hapo, masanduku ya aina za BMW za GS, RT na R ya miaka ileile yanafanana kwa sura lakini uwiano wa meno unaweza kutofautiana. Ukilipata, zungusha upande wa kuingilia shafti na uhesabu mizunguko mpaka upande wa tairi ukamilishe mizunguko kumi, kisha ulinganishe na la kwako. Uwiano ukiwa tofauti pikipiki itatembea, lakini injini itazunguka zaidi au pungufu kwa mwendo uleule, nawe utabaki kujiuliza gia zina nini.

Kwa sisi wa Pwani kuna adui mwingine, nalo ni buti ya mpira inayofunika kiungo cha shafti. Ikipasuka, chumvi na vumbi huingia moja kwa moja kwenye krosi, na krosi hizo hazina nipo ya kupigia grisi. Iangalie ya kwako kwa tochi, hasa mikunjo ya chini isiyoonekana ukiwa umesimama.

Baharia wa Mutrah (Muscat)

Assalamu alaikum. Yangu ni Honda ST1300, kwa hiyo sitasema mengi kuhusu GS. Nataka tu usisahau meno ya kuunganishia, yale yanayoteleza pale shafti inapoingia. Kwenye yangu nayapaka grisi nzito yenye molibdeni kila ninapolitoa tairi, kwa kuwa grisi ya kawaida hutupwa nje na mzunguko na kuacha chuma kikisagana na chuma. Ukikuta unga mwekundu kama matofali yaliyosagwa, meno yamekaa makavu muda mrefu. Yapime kwa ukucha: ubapa wa juu ukiwa umebadilika na kuwa ncha kali, hakuna grisi itakayoyarudisha.

Mpanda Meru (Arusha)

Wakuu wangu, nimefanya kama mlivyosema na nimepata majibu yaliyonishangaza. Juu na chini hakuna kinachocheza hata kidogo. Mbele na nyuma linacheza, na mdogo wangu aliyeweka kidole kwenye kiungo alihisi wazi sanduku likigonga dhidi ya mkono. Oili ilikuwa nyeusi, yenye masizi laini tu, bila kipande hata kimoja. Meno ya kuunganishia yana grisi iliyokauka lakini hayajachongoka. Kwa maneno mengine, difu lililotangazwa kuwa limekufa ndilo lililo zima kuliko vyote.

Kisha nilitoa tairi na kalipa ya breki, nikaifungua fito ya chini inayolishikilia sanduku, nikavuta buti na kuliteremsha sanduku taratibu ili niifikie krosi ya nyuma. Buti ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole kwenye mkunjo wa chini, kama alivyokisia dada wa Mombasa. Krosi ilikuwa ngumu na ina sehemu inayojifunga katikati, yaani ukiipinda inanasa pale shafti inaponyooka, halafu inaachia. Krosi ya mbele inazunguka laini.

Beringi za kiungo nitazibadilisha mwenyewe. Swali langu sasa limehama kutoka kwenye sanduku na kwenda kwenye shafti: ninunue mpya, nitafute iliyotumika, au krosi hiyo moja itengenezwe hapa kwetu?

Fundi Krosi (Mwanza)

Ndugu, kazi yangu ya kila siku ni toyo za mizigo, zile za magurudumu matatu, nazo zinaendeshwa kwa propela yenye krosi mbili kama shafti yako. Nyuma yake kuna difu la kweli, kwa maana ya kwamba linagawa mzunguko kwa magurudumu mawili yanayopaswa kutofautiana kwenye kona. La kwako ni krauni na pinieni (gia ndogo inayoizungusha) tu, ingawa sote tunaliita difu. Krosi za toyo nabadilisha nyingi kila mwezi: natoa klipu nne, nagonga vikombe kwa soketi kwenye vaisi, naingiza mpya, narudisha klipu, kazi ya saa moja.

Kile kinachonasa katikati nakifahamu vizuri. Sindano za beringi zikikosa grisi huchimba vijishimo kwenye mhimili wa krosi mahali pale pale zinapokaa muda mwingi, yaani shafti ikiwa karibu imenyooka. Krosi hiyo haitapona kwa grisi.

Ukiipata krosi yenye kipenyo na urefu unaolingana, mimi ningeibadilisha. Lakini kabla ya kufungua chochote, chora mstari wa rangi kutoka nusu ya mbele ya shafti hadi nusu ya nyuma. Krosi moja ikipindwa haitoi mwendo sawa, bali huharakisha na kuchelewesha mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye pembe ya digrii 10, tofauti hiyo hufika karibu asilimia moja na nusu kila upande. Krosi ya pili ndiyo inayoifuta, mradi uma za pande mbili, zile panda zinazoshika krosi, zimekaa kwenye mstari mmoja. Nimeshaletewa toyo zilizotikisika hadi bodi kupasuka, na kosa lilikuwa propela iliyorudishwa ikiwa imeruka meno machache tu.

Mkazi wa Bremen (Ujerumani)

Fundi Krosi ameeleza vizuri kuliko vitabu vingi, na suala la mstari ndilo kosa linalowapata watu wengi baada ya kuitenganisha shafti ya GS. Ninatofautiana naye kwa heshima katika jambo moja. Kwenye propela ya toyo, vikombe vinashikwa na klipu zinazokaa kwenye mifereji iliyochongwa kwa ajili hiyo, na krosi hujipanga katikati zenyewe. Kwenye shafti ya BMW hakuna mifereji. Kiwandani vikombe vilisukumwa ndani na ukingo wa uma ukagongwa ili uvishike. Ukivitoa, chuma kilichogongwa kimeshaharibika, na ukikigonga tena kwa patasi huna hakika kama krosi iko katikati. Kwa tairi la GS, kilomita 100 kwa saa ni takriban mizunguko 2,300 hadi 2,500 ya shafti kwa dakika, na katika kasi hiyo krosi iliyohama kidogo tu kutoka katikati inaleta mtetemo mbaya kuliko ule unaoukimbia.

Njia ya kati ipo. Kuna karakana zinazokereza mifereji ndani ya uma hizo na kufunga krosi zenye klipu, kisha zinaipima shafti nzima ikizunguka. Ni nafuu kuliko shafti mpya, na siku nyingine krosi ikichoka utaibadilisha kwa vaisi yako kama zile za toyo. Shafti iliyotumika mimi singeinunua, kwa kuwa utapata krosi za umri uleule na mpira uleule. Ndani ya shafti yako kuna mpira uliogandishwa kati ya bomba la ndani na la nje, kazi yake ni kupunguza mshtuko wa gia, na mpira huo ukiachia, shafti huteleza ndani kwa ndani bila mtu kuona. Kabla ya kuipeleka kokote, chora mstari mwingine mdogo unaovuka bomba la ndani na la nje. Ukija kukuta nusu mbili za mstari zimeachana, mpira umekufa na kutengeneza krosi ni kupoteza pesa.

Kuhusu beringi za kiungo, pini zake zimefungwa kwa gundi ya nati. Zipashe moto hadi karibu nyuzi joto 120 za Selsiasi kabla ya kuzigusa, la sivyo meno ya skrubu ya alumini yatatoka pamoja nazo. Wakati wa kurudisha, kaza kwanza pini isiyorekebishika, kisha ile ya kurekebisha kwa niutoni-mita 7 tu, halafu uishike isizunguke huku ukikaza nati yake ya nje. Watu huikaza pini ya pili kwa nguvu wakidhani wanasaidia, na beringi mpya hufa mapema.

Bintimwambao (Mombasa)

Na ununue buti mpya pamoja na hivyo vyote, ndugu yangu. Usibandike ile ya zamani kwa gundi ya matairi.

Mpanda Meru (Arusha)

Narudi na taarifa, samahani kwa ukimya. Nilichagua shafti yangu mwenyewe ikerezwe mifereji na kufungwa krosi mbili zenye klipu, kwa sababu mstari wa kwenye mpira ulionyesha kuwa mpira bado umeshika, na kwa sababu huku kwetu nataka kitu ambacho fundi wa toyo anaweza kukifungua. Fundi Krosi, sikuweza kukupa kazi ya sasa, lakini ijayo ni ya kwako.

Kazi ya nyumbani ilinichukua siku mbili, na zaidi ya nusu ya muda huo ulikwenda kwenye pini za kiungo. Ya kwanza ilikubali kwa moto. Ya pili niliipasha mara tatu, nikisubiri kila mara, mpaka gundi ikalainika. Beringi zilizotoka zilikuwa na sindano chache zilizovunjika na unga wa kutu uliogeuka udongo. Nilipaka grisi ya molibdeni kwenye meno kama alivyosema Bwana wa Mutrah, nikalinganisha uma za shafti kwa mstari wa rangi, nikaweka oili mpya ya gia takriban robo lita, na boliti nne za tairi nikazikaza kwa hatua, kwa kupishana kimsalaba.

Jumamosi nilikwenda Babati na kurudi, kama kilomita 340. Mtetemo wa vikanyagio umeondoka, na mlio wa kugonga pia. Tairi halichezi upande wowote. Jana jioni nilivuta buti kidogo na kumulika ndani kwa tochi: mstari wa rangi unaovuka mpira bado umenyooka.