Kusafisha mtutu: fimbo na brashi, au kamba ya kuvuta?

Mkulima_Handeni: Salaam wakuu. Nataka vifaa vya kusafishia bunduki. Ndani ya mtutu kuna weusi, kitambaa kinapita lakini hautoki. Dukani wana fimbo ya kuunga yenye brashi zake, na kamba ya kuvuta. Kamba nimeipenda ila bei imechangamka. Nichukue ipi?

BabuKasiba: Bunduki gani? Ya marisawa (vigololi vidogo) au yenye mifereji ndani ya mtutu, yaani raifo? Unapiga risasi za wapi? Hujasema hata kimoja.

Mwanaporini: Kamba tu mkuu. Unaingizia chemba, pale risasi inapokaa, unavuta kutokea mdomoni, umemaliza.

FundiMstaafu: Kamba ni ya kupangusa vumbi safarini. Yangu ilikatikia katikati ya mtutu wa raifo ya .375, na nilivuta kwa mkono, si kwa trekta. Fundi wa kwanza akashika nondo, akasukuma, kamba ikajikunja ikawa kizibo. Akasema tuichome moto. Nikachukua bunduki yangu nikaondoka! Wa pili alimimina mafuta laini, akailaza usiku kucha, kesho yake akaisukuma kwa fimbo ya shaba kutoka mdomoni kurudi chemba, kidogo kidogo, hadi ikatoka. Tangu hapo natumia fimbo, tena ya kipande kimoja.

Mwanaporini: Ulinunua kamba feki.

FundiMstaafu: Bei yake haikuwa feki.

Mkulima_Handeni: Samahani wakuu, ni ya marisawa, namba 12, mitutu miwili.

BabuKasiba: Ungeanza na hilo. Kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisawa huacha utando, juu yake masizi na madini ya risasi. Hapo ni brashi ya shaba na dawa ya kuyeyusha, uingizie upande wa chemba. Dawa ya amonia usinunue. Hiyo ni ya kutoa shaba inayoachwa na risasi za raifo, tena inakula hata brashi yenyewe, kitambaa kinatoka kijani ukadhani mtutu bado mchafu.

MamaShamba: Dawa ya nini jamani? Mafuta ya taa, halafu ya cherehani. Marehemu baba hakutumia kingine.

FundiMstaafu: Mafuta ya taa hayatoi chumvi, dada. Risasi nyingi za zamani za Kisovieti fataki zake (vile vidude vinavyowasha baruti) zina klorati. Ukishapiga inabaki chumvi inayovuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Hizo ni maji ya moto kwanza, ukaushe, ndipo mafuta.

MamaShamba: Maji ndani ya bunduki? Huku Tanga hata kisu cha jikoni kinalala na kutu!

BabuKasiba: Ya moto hukauka upesi. Ila kaka hapa anapiga marisawa, hizo klorati zinamhusu nini?

Mkulima_Handeni: Ni za dukani, boksi limechanika sijui za wapi. Nguruwe pori wananimalizia mahindi, nawahi msimu. Uzio wa pilipili unasaidia?

BabuKasiba: Pilipili ni ya tembo. Nguruwe mchimbie mtaro.

Mwanaporini: Mtaro? Kwetu waliugeuza bwawa la kuogea.