Marejeleo ya APA: nimenukuu kitabu nilichokisoma ndani ya kitabu kingine

Mwanafunzi_Ngara
Hamjambo wenzangu. Msimamizi amerudisha sura ya pili ya mradi wangu na kuzungushia wino mwekundu mahali pawili. Fasili moja nimemtaja mwandishi wa 1998, ingawa niliikuta kwenye kitabu cha 2017. Halafu idadi ya watu wa Nairobi katika sensa ya 2019, yaani 4,397,073, nimeiwekea jina la gazeti. Tunatumia APA toleo la saba, yaani mtindo wa marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Nirekebishe vipi? Tena, marejeleo mengi nimeyanakili Google Scholar, ile tovuti ya kutafutia makala za kitaaluma. Yatafaa?

Mkutubi
Kwenye orodha ya marejeleo huingia kile ulichokisoma wewe. Ukimwita wa kwanza A na wa pili B, ndani ya matini andika (A, 1998, amenukuliwa katika B, 2017, uk. 44), kisha kwenye orodha umweke B peke yake. Lakini tafuta kwanza kitabu cha A maktabani. B akiwa amekata sentensi vibaya au amekosea mwaka, kosa hilo sasa ni lako, na msimamizi anayekijua kitabu cha A ataliona papo hapo.

Takwimu_254
Hilo la sensa lina dawa rahisi. Ripoti ya KNBS, shirika la kitaifa la takwimu la Kenya, ipo kwenye tovuti yao. Pakua juzuu la kwanza, tafuta jedwali la kaunti, uhakikishe tarakimu mwenyewe, ndipo uandike (KNBS, 2019) na ukurasa. Kwenye orodha jina la shirika likae kwa ukamilifu mahali pa mwandishi. Kwa kuwa ndilo pia mchapishaji, usilirudie mwishoni.

Mkutubi
Naam. Kuhusu Google Scholar, hapana, usibandike tu. Mara nyingi DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, haimo, na herufi kubwa zimetapakaa. Katika APA, anwani ya makala ya Kiingereza huwa na herufi kubwa kwenye neno la kwanza, neno linalofuata nukta mbili na majina maalum. Jina la jarida ndilo linalobaki na herufi zake kubwa, kwa italiki, pamoja na nambari ya juzuu. Bonyeza kila DOI moja baada ya nyingine. Ikifungua makala tofauti, au isifungue kitu, rudi kwenye jarida lenyewe, hasa ikiwa rejeleo hilo ulipewa na programu ya akili unde. Hizo hubuni makala ambazo hazijawahi kuandikwa.

Mwanafunzi_Ngara
Ahsanteni sana. Na nikieleza kwa maneno yangu, ukurasa ni lazima?

Takwimu_254
Si lazima, jina na mwaka yatosha, ila kwa kitabu kinene mhurumie msomaji, umpe ukurasa. Ukinukuu neno kwa neno ni lazima. Dondoo likifika maneno 40, litenge kama aya yake, ulisogeze ndani sentimita 1.27, uondoe alama za kunukuu. Hapo nukta hutangulia mabano, si kinyume chake.